Na ya Kutolea: Simu, Programu na Kiswahili Chetu Huku Newala



Jirani yangu hapa Newala ni mama aliyekwisha kuvuka umri wa miaka 80. Lugha aliyonyonya ni Kimakonde. Kiswahili alikipata ukubwani, sokoni na katika mikutano ya kijiji. Mwanawe yuko Dar es Salaam, na kila mwezi humtumia fedha kwa simu. Simu ikitoa ule mlio wake mfupi, mama huyo huja kibarazani kwangu na kitochi chake mkononi, huitikia shikamoo yangu, kisha huuliza: "Mwalimu, hebu niangalizie. Muamala umesoma?"

Nilifundisha Kiswahili katika shule za sekondari za Newala na Masasi kwa zaidi ya miaka 30, tangu nilipotoka chuo cha ualimu hadi nilipostaafu. Mwanafunzi angeniandikia "muamala umesoma", ningeipitishia sentensi hiyo kalamu nyekundu. Muamala hausomi, husomwa. Nilifanya hivyo mara nyingi, na sasa naona haya kidogo. Mbona tangu zamani tulisema "mita inasoma" na "kipimo kinasoma", wala hakuna aliyelalamika? Aliyeitunga sentensi ile alijua sarufi ya lugha yake kuliko nilivyomdhania.

Swali la jirani yangu limenifanya nitazame nyuma. Maneno haya yametoka wapi? Hayakutoka katika kamusi, wala hayakutungwa darasani. Yametoka katika mikataba: kampuni yenye minara ilipatana na kampuni yenye programu, huduma ikapitishwa hewani, nasi tukaipokea pamoja na lugha yake. Katika makala haya nataka kueleza historia ya mapatano hayo kama ilivyoonekana kutoka huku Uwanda wa Makonde, na kuonyesha kwamba kila mara wakubwa hao walipotia saini, waliamua pia jambo la lugha, hata kama halikuandikwa popote.

Jambo lenyewe si geni kwetu. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere aliwaleta Masasi watu waliokombolewa utumwani, wakaweka makazi chini ya milima ile ya mawe. Steere huyo huyo ndiye aliyetoa kitabu cha kufundishia Kiswahili cha Unguja mwaka 1870, na misheni yake ilikuwa na mtambo wa kuchapia huko Zanzibar. Mwenye mtambo alikaa meza moja na mwenye maneno, na lahaja waliyoichagua ikapata nguvu ambayo lahaja nyingine hazikuipata. Wasomaji wa ukurasa huu wanaijua vizuri hadithi ya Kiunguja na Kimvita. Mnara wa simu ni mtambo mwingine tu.

Nilipopangiwa kazi Newala mwaka 1986, habari ya haraka ilikwenda kwa simu ya maandishi. Ulikwenda posta, ukajaza karatasi, karani akahesabu maneno, ukalipa kwa idadi yake. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba namna ya kutoza hubadilisha namna ya kuandika. Kiswahili kilikuwa na bahati katika biashara hiyo. "Nimewapelekea" ni neno moja, lenye mtenda, wakati, mtendewa na kitenzi ndani yake. Mwenye Kiingereza angelipia maneno manne au matano kwa habari hiyo hiyo. Tulikuwa tukiwaambia wanafunzi kwamba viambishi ni akiba, na mfano wetu ulikuwa ni risiti ya posta.

Kisha ikaja minara. Kampuni ya kwanza ya simu za mkononi nchini, Mobitel, ilianza mwaka 1994. Vodacom ikafuata mwaka 2000 na Celtel mwaka 2001. Huku kusini tulichelewa, lakini jiografia ilitusaidia. Newala imekaa ukingoni mwa uwanda, na mtu akisimama pale Shimo la Mungu huliona bonde la Ruvuma chini yake na Msumbiji ng'ambo. Palipo juu namna hiyo mawimbi hufika. Nakumbuka walimu wakitoka madarasani kwenda kusimama chini ya mwembe fulani kwa sababu hapo ndipo "mtandao ulipokuwa unashika". Neno mtandao, ambalo sisi tulilijua kwa maana ya nyuzi zilizotandwa kwa kufumwa, likahamia mbinguni.

Ujumbe mfupi wa simu haukutozwa kwa maneno. Ulitozwa kwa herufi 160, nafasi na vituo vikiwamo. Kipimo hicho kilipangwa Ulaya katika miaka ya 1980, na Mjerumani Friedhelm Hillebrand alikuwa mmoja wa waliokipendekeza, baada ya kuona kwamba sentensi nyingi za kawaida hazizidi hapo. Hakuwa na habari na washairi wa Kiswahili. Hata hivyo, hesabu yake ilitufaa kwa namna ya ajabu. Ubeti wa tarbia una mishororo minne, na kila mshororo una mizani 16. Jumla ni mizani 64. Silabi yetu ya kawaida ina konsonanti na irabu. Ukijumlisha na nafasi, ubeti mzima huingia katika ujumbe mmoja, kwa shida. Mimi na mwalimu mwenzangu aliyekuwa Masasi tuliwahi kujibizana hivyo kwa miezi kadhaa, kila mmoja ubeti mmoja kwa ujumbe mmoja. Huu ni mmojawapo wa kwangu:

Newala nimetamka, salamu za uwandani,
Mnara umezishika, Masasi zisikieni,
Herufi zahesabika, mia na sitini ndani,
Ubeti umetosheka, jina langu silioni.

Hesabuni wenyewe: ni herufi na alama 151. Zilibaki nafasi 9, ambazo hazikutosha jina langu na la baba yangu. Sisi tuliozoea kupeleka mashairi redioni kwa kipindi cha Malenga Wetu, na kungoja majuma mengi, tulijiona tumepata baraza jipya.

Wakati huo huo, katika nchi tajiri, jambo kubwa zaidi lilikuwa linaendelea. Kampuni za simu zilikuwa na minara na wateja, lakini hazikuwa na kitu cha kuwaonyesha wateja hao kwenye kioo cha simu zaidi ya namba. Kampuni za programu zilikuwa na barua pepe, habari na kalenda, lakini hazikuwa na njia ya kumfikia mtu akiwa safarini. Sisi wa uwandani tunaweza kulielewa jambo hili haraka, maana tumekulia mahali ambapo maji yako bondeni na watu wako juu. Mwenye mnara ni mwenye bomba. Mwenye programu ni mwenye maji. Kila mmoja alimhitaji mwenzake, na kila mmoja alihofu kwamba mwenzake ndiye atakayekusanya fedha.

Mwaka 1997 Ericsson, Motorola, Nokia na kampuni changa ya programu iliyoitwa Unwired Planet waliungana kuandaa utaratibu wa pamoja wa kupitisha kurasa za intaneti kwenye simu, uliojulikana kwa herufi tatu, WAP. Novemba 1998 Microsoft na Qualcomm waliunda kampuni ya ubia, Wireless Knowledge, ili kuwapelekea watu wa maofisini barua pepe na ratiba zao kupitia mitandao ya simu ya Marekani. WAP ilisifiwa mno, kisha ikawachosha watu: kioo kilikuwa kidogo, kurasa zilikwenda pole, na yaliyomo yalikuwa machache.

Japani walikwenda njia nyingine. Februari 1999 kampuni ya simu ya NTT DoCoMo ilianzisha huduma ya i-mode, kwa programu ya kufungulia kurasa iliyotengenezwa na kampuni ya Kijapani, Access. Huduma ile ilikuwa ya Kijapani tangu siku ya kwanza, na iliwalenga watu wa kawaida, si mameneja peke yao. Mbunifu wao, Shigetaka Kurita, aliwachorea vijialama 176 vya nyuso, mvua na mioyo, mababu wa vile vijipicha ambavyo wajukuu wetu hutujibia leo. Mamilioni waliipokea. Zilikuwapo sababu nyingi za kufaulu kwake, lakini mwalimu wa lugha haoni vigumu kuitaja moja: mtu hakutakiwa kujifunza lugha ya pili kabla ya kubonyeza.

Somo hilo lilitufikia sisi kwa mlango ambao hakuna aliyeutarajia, nao ni mlango wa fedha.

Vodafone ya Uingereza, kwa msaada wa fedha za serikali ya nchi hiyo, ilianza kujaribu huduma ya fedha kwa simu nchini Kenya mwaka 2005. Programu iliandikwa na kampuni ya Sagentia ya Cambridge, na kompyuta zake kuu zilikaa Ujerumani. Machi 2007 Safaricom iliizindua kwa jina la M-Pesa, na mwaka 2008 Vodacom iliileta Tanzania. Litazameni jina hilo. Herufi ya kwanza ni ya Kiingereza. Neno la pili lilitufikia kwa majahazi kutoka Bara Hindi, karne nyingi kabla ya minara, likakaa hata likawa letu. Fedha za mkulima wa Newala zilikuwa zinapita katika programu ya Cambridge na mashine za Ujerumani, na bado kitu cha kwanza alichokiona kilikuwa neno la nyanya yake.

M-Pesa ya Tanzania haikuhitaji simu kubwa wala intaneti yenyewe. Ilipita katika njia nyembamba zaidi, ile ya kubonyeza nyota na namba, ambayo kila ukurasa wake hauzidi herufi 182. Fikirini kazi ya mtu aliyepewa herufi 182 amweleze mwananchi jinsi ya kutuma fedha bila kuzipoteza. Hana nafasi ya kueleza, wala ya kupamba. Ni lazima atumie kitenzi kimoja na nomino moja: Tuma pesa. Toa pesa. Weka namba ya siri. Ni Kiswahili kikavu, lakini ni safi, nami naamini ni miongoni mwa nathari iliyosomwa na Watanzania wengi kuliko vitabu vyote nilivyofundisha.

Maneno yaliyokuwa yamelala yakaamka. "Muamala" lilikuwa neno la wanazuoni na wanasheria. Sasa ni la wauza samaki. "Wakala" alikuwa mtu wa mkataba mzito. Sasa ana meza na mwavuli wa rangi kando ya kituo cha basi cha Masasi. "Salio" lilikuwa katika vitabu vya uhasibu. Alama ile ya misalaba miwili iliyopishana, ambayo hatukuwa na jina lake, watu waliitazama wakaiita "reli". Mimi hufurahi kila niisikiapo, kwa kuwa reli yetu ya kusini, iliyojengwa kwa ajili ya mpango wa karanga kutoka Mtwara kwenda Nachingwea, iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya Uhuru. Reli tuliyobaki nayo ni hiyo ya kwenye kitufe.

Lakini tunda nilipendalo kuliko yote halikutoka kwa kampuni. Kutoa fedha kwa wakala kuna ada, na mtumaji mwungwana humwongezea mpokeaji kiasi cha ada hiyo. Watu wakaanza kusema: "Nitumie elfu kumi na ya kutolea." Itazameni kwa makini. Kiunganishi "ya" kinasimama badala ya hela ambayo haikutajwa. Kitenzi kimepewa kiambishi cha kutendea, kwa maana ya chombo: ya kutolea, kama kisu cha kukatia au ndoo ya kuchotea. Katika silabi tano kuna ada, adabu na hesabu. Nilikaa miaka 30 nikiwatafutia wanafunzi mfano hai wa kauli ya kutendea, na mfano ulikuwa unapita kila siku mbele ya lango la shule.

Kampuni nazo zilijifunza kutoka kwa watu. Huduma za mikopo midogo zilizofuata zilibatizwa kwa vitenzi: Vodacom ina Songesha na Nipige Tafu, Airtel ikaleta Timiza, Tigo ikaleta Nivushe. Zipangeni katika makundi mawili. "Songesha" na "Timiza" ni amri. Anayesema ni kampuni. "Nivushe" na "Nipige Tafu" ni maombi, yenye kiambishi cha mtendewa "ni". Anayesema ni mwenye shida. Mikopo ni ile ile, lakini katika jozi ya pili mteja amewekewa ombi kinywani kabla hajaamua kuomba. Mshairi anajua tofauti hiyo. Aliyeyachagua majina hayo naye, bila shaka, aliijua.

Sasa tuje kwenye intaneti yenyewe. Programu za Kiswahili hazikuanzia katika simu. Desemba 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya kuandikia iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Microsoft nayo ilitoa Windows na Office za Kiswahili katika miaka hiyo hiyo. Mwaka 2009 kundi la wanazuoni wa Kiswahili lilitafsiri Facebook, na Julai mwaka huo waya wa baharini wa Seacom ulifika Dar es Salaam. Vijana wetu walikuwa wameanza kuingia mtandaoni kwa simu ndogo, wakitumia Opera Mini ya Norwei, programu iliyobana kurasa kabla ya kuzileta ili zisile fedha nyingi.

Nilihudhuria majadiliano mengi ya istilahi zama hizo: ni kompyuta au tarakilishi, ni simu ya mkononi au rununu, ni intaneti au wavuti. Tulibishana kwa nguvu na kwa mapenzi. Hatukuuliza kamwe tafsiri hizo zitamfikiaje mtu wa Newala asiye na kompyuta. Kabati lilikuwa limejaa nguo nzuri, na mwenye kuzivaa alikuwa mbali.

Jibu lilikuja mwaka 2014, nalo lilikuja kwa mkataba. Tigo ilipatana na Facebook, wateja wake wakafungua mtandao huo bila kutozwa, na kwa Kiswahili. Oktoba mwaka huo wawili hao walizindua nchini programu ya Internet.org, iliyotoa bure kurasa chache zilizochaguliwa: habari, hali ya hewa, Wikipedia na nyinginezo. Mwaka uliofuata Halotel, ambayo mmiliki wake ni Viettel ya Vietnam, ilianza kazi Tanzania ikielekeza minara yake vijijini; kampuni hiyo ya Vietnam ilikuwa tayari ng'ambo ya Ruvuma kwa jina la Movitel. Ndani ya miaka michache bei zilishuka, na wanafunzi wangu wa kidato cha tatu wakawa na dunia mfukoni.

Nilishuhudia faida. Kijana ambaye hakuwahi kuandika insha ya ukurasa mmoja kwa hiari alikuwa akiandika aya tatu za Kiswahili kila usiku. Makosa ya tahajia yalikuwa mengi, lakini alikuwa anaandika, na alikuwa na wasomaji. Nilishuhudia na hasara. Nilipowauliza darasani nani anatumia intaneti, mikono haikuzidi kumi. Nilipouliza nani anatumia Facebook, karibu wote walinyoosha. Kwao chumba kimoja kilichofunguliwa bure kilikuwa na jina lake, na nyumba nzima haikuwa na jina. Nchini India mjadala wa jambo hili ulikuwa mkali, na Februari 2016 mdhibiti wa mawasiliano wa nchi hiyo alipiga marufuku kampuni kutoza bei tofauti kulingana na ukurasa anaoufungua mteja. Huku kwetu mjadala ule haukufika barazani. Tuliletewa maji ya bure kwa bomba la mtu, tukanywa.

Huenda mtu akasema: si wametuletea kwa Kiswahili? Mnataka nini tena? Nami nilikuwa nikisema hivyo, mpaka yaliponikuta ya jirani yangu.

Miaka michache iliyopita alikuja akiwa na huzuni. Mwanawe alikuwa akimwekea salio la shilingi 1,000, naye hapigi simu, lakini kila baada ya siku chache akitaka kupiga huambiwa halitoshi. Alianza kumshuku mjukuu. Niliichukua simu nikapekua meseji zake. Kampuni moja ya programu, kwa mapatano na mtandao mmoja ambao sitautaja, ilikuwa imemwandikisha katika huduma ya kutumiwa vichekesho, na ilikata shilingi 100 kila siku. Alijiunga vipi? Ilichomoza habari kwenye kioo, yenye neno moja la kubonyeza: Sawa. Naye akabonyeza.

Nilimuuliza kwa nini. Akanijibu: "Mwalimu, mtu akikusemesha, utakaa kimya?"

Nililitafakari jibu hilo usiku kucha. Katika maisha ya mama huyu, "sawa" ni adabu. Humaanisha nimekusikia, nimekuheshimu, endelea. Katika programu, "Sawa" ni sahihi ya mkataba. Neno ni lile lile, Kiswahili ni sanifu, na hakuna kamusi itakayosema kuna kosa. Lakini aliyetafsiri alitafsiri kitufe. Hakutafsiri desturi ya watu watakaokibonyeza. Kibaya zaidi, nilipotafuta namna ya kumtoa, niliambiwa niandike neno fulani la Kiingereza nilirudishe kwenye namba ile. Mlango wa kuingilia ulikuwa wa Kiswahili, na mlango wa kutokea wa Kiingereza. Nilimtoa. Mjukuu nilimwomba radhi mimi mwenyewe kwa niaba ya bibi yake, maana maneno makali yalikwisha kusemwa.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kuwamo kwa Kiswahili katika simu si ushindi kamili. Lugha inaweza kuwa mkono wa kumshika mzee avuke, na inaweza kuwa ndoana. Kinachoamua ni nani aliyekaa mezani wakati mwenye bomba na mwenye maji wakipatana, na kama miongoni mwao alikuwapo mtu anayejua kwamba bibi wa Newala hasemi "sawa" kwa maana ya kukubali kukatwa fedha. Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, limekuwapo tangu mwaka 1967, na vyuo vyetu vina wataalamu wa tafsiri. Washairi tunao tele. Si watu wa kuitwa mwishoni wasahihishe tahajia.

Jambo hili ni la leo, si la jana. Msimu wa 2024/2025 minada ya korosho ilihamia katika mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania, TMX. Bei ya jasho la mwaka mzima la mkulima wa Newala, Tandahimba na Masasi sasa hutangazwa kwenye kioo. Novemba 2024 Tigo ilibadili jina ikawa Yas, na Tigo Pesa ikawa Mixx by Yas. Neno la nyanya zetu likaondolewa katika jina hilo kwa siku moja, na sikusikia mshairi akiliomboleza. Kampuni huja na huenda. Nchini Kenya, Telkom na kampuni ya Loon, dada yake Google, walianza mwaka 2020 kutoa intaneti kwa maputo yaliyoelea juu angani; Januari 2021 Loon ilitangaza kufunga kazi. Mikataba hufa. Maneno iliyoyaacha hubaki vinywani mwa watu, mazuri na mabaya.

Ndiyo maana nawaomba wenzangu wa ukurasa huu tufanye kazi moja ndogo. Tuanze kuyaandika maneno ya simu kama tunavyoandika methali: lilisemwa wapi, kwa maana gani, na nani aliumia kwa kutolielewa. Na kila tukutanapo na kampuni inayotaka huduma yake iwe ya Kiswahili, tuombe kwanza kuuona mlango wa kutokea.

Jana jioni simu ya jirani yangu ililia tena. Alikuja, nikamwamkia, akaketi. Nikasoma ujumbe kwa sauti, pole pole, kiasi na jina la mtumaji, kwa sababu macho yake yamechoka na programu ile haisemi.

"Umesoma, mama," nikamwambia.

Akatikisa kichwa, kisha akainamia mbele kidogo. "Ametuma na ya kutolea?"

Nikahesabu. Alikuwa ametuma.